Kopo Lisilo na Jina: Pumu ya Ngozi na Dawa za Mitishamba

Jumamosi moja alasiri jirani yangu alipiga hodi, mkono mmoja kamshika mwanawe wa miaka mitano, mkono wa pili kabeba mfuko wa kitambaa uliojaa. Kazi yangu ni famasi, na watu wa mtaani wameshazoea kuifanya baraza yangu dirisha la pili la duka. Akaumwaga mfuko juu ya mkeka.

Zikatoka dawa za miaka mitatu. Chupa ya mafuta ya habasoda iliyoletwa na wifi yake kutoka Muscat. Majani makavu ya mwarobaini ndani ya gazeti. Jeli ya aloevera. Vidonge laini vya mafuta ya primrozi, zawadi ya mdogo wake aliyeko Marekani. Pakiti ya unga wa mizizi wenye maandishi ya Kichina. Mafuta ya nazi ndani ya chupa ya soda, na ya zeituni ndani ya chupa yake nzuri. Mwisho likabiringika kopo dogo jeupe, lisilo na jina, lisilo na anwani, lisilo na tarehe.

“Kaka, katika vyote hivi ni hili tu lililomsaidia,” akasema, akaliokota lile kopo. “Mganga alinihakikishia ni mitishamba mitupu. Siku tatu tu, ngozi ikawa laini kama ya mtoto mchanga. Lakini nikiacha, ugonjwa unarudi kwa hasira.”

Nilimwambia ukweli: katika vitu vyote vilivyokuwa mkekani, hicho ndicho nilichokiogopa. Makala haya ni mazungumzo yetu ya siku ile, niliyoyapanga vizuri zaidi kwa ajili ya mzazi mwingine mwenye mfuko kama ule, au mtu mzima anayejikuna usiku huku akiulizia dawa kwa kila anayekutana naye.

Kwanza, jua unachokitibu

Pumu ya ngozi, au ukurutu kama vitabu vinavyouita, haiambukizi, wala haitokani na uchafu. Ni ugonjwa wa ngozi iliyoshindwa kazi yake ya kuzuia. Fikiria paa la makuti lililochakaa. Mvua inapenya, vumbi linapenya, na ubaridi wa ndani unatoroka. Ngozi yenye pumu hupoteza maji haraka, ikakauka. Kisha sabuni, manukato, jasho na bakteria hupenya na kuuchokoza mwili, nao mwili hujibu kwa muwasho. Mtu anajikuna, paa linazidi kutoboka, muwasho unaongezeka. Ugonjwa huu mara nyingi hufuata ukoo, na ndugu zake ni pumu ya kifua na mafua ya mzio. Ndiyo maana jina la mtaani si baya.

Kwenye ngozi nyeusi ugonjwa huu hauonekani kama picha za vitabu vya Ulaya. Wekundu unaoelezwa humo, kwetu ni weusi, zambarau au rangi ya majivu, na mara nyingi huja na vipele vidogovidogo vinavyokwaruza ukipitisha mkono. Ukipona unaacha mabaka meusi au meupe yanayoweza kukaa miezi. Mabaka hayo ni kovu la rangi tu. Ugonjwa wenyewe umeshaondoka. Wazazi wengi huendelea kupaka krimu kali wakidhani mtoto hajapona, kumbe wanatibu kivuli.

Hakikisha pia kwamba ni pumu ya ngozi kweli. Familia nzima ikijikuna usiku, na vipele viko katikati ya vidole, huenda ni upele. Duara lenye ukingo ulioinuka na katikati iliyopoa huenda ni fangasi. Hakuna mtishamba wala krimu itakayofanya kazi ikiwa jina la ugonjwa limekosewa, na steroidi, yaani dawa ya kupaka ya kutuliza muwasho, ikipakwa juu ya fangasi huilisha badala ya kuiua.

Maji kujaa na kupwa

Kuna jambo moja kuhusu pumu ya ngozi ambalo kila muuza dawa hunufaika nalo, ajue asijue. Ugonjwa huu una bamvua na maji mafu. Unapanda wiki kadhaa, halafu unashuka wenyewe. Na watoto wengi, kadiri wanavyokua, hupata nafuu kubwa kabla ya kuwa watu wazima.

Sasa jiulize: wewe hununua dawa lini? Hununui siku ngozi imetulia. Unanunua maji yakiwa yamejaa hadi kwenye ngazi za nyumba, mtoto halali, mama halali. Baada ya hapo maji yangepwa tu, hata kama ungekaa ufukweni umekunja mikono. Lakini aliyekuuzia dawa ndiye aliyekuwa amesimama pale maji yakipwa, na sifa zote anazipata yeye. Wiki sita baadaye maji yanajaa tena, naye anakwambia dozi haikutosha.

Kwa hiyo ushuhuda wa jirani, hata akiwa mkweli kama mizani, hautoshi. Wala wangu hautoshi. Kinachotosha ni kulinganisha. Chukua wagonjwa wengi, wagawe kwa kura makundi mawili, kundi moja lipewe dawa, jingine lipewe plasebo, yaani kitu kinachofanana na dawa kwa sura na ladha lakini hakina dawa ndani. Mgonjwa asijue kapata ipi, na daktari anayempima asijue. Makundi yote mawili yatapwa na kujaa. Dawa ya kweli itaonekana kwa tofauti iliyobaki.

Mtihani huu haukuwekwa ili kuzionea dawa za mimea. Dawa ya mseto tunayomeza kwa malaria, kiini chake kilitokana na mmea wa Kichina wa jamii ya pakanga. Tu Youyou na wenzake walikitenga mwaka 1972, kikapimwa, kikafaulu, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Kwinini nayo ilitoka kwenye gome la mti. Mmea unaofaulu huingia hospitalini kwa mlango wa mbele. Swali ni je, mimea ya kwenye ule mfuko ilifaulu?

Vidonge vya primrozi

Tuanze na vile vya Marekani, kwa sababu ndivyo vya bei kubwa na ndivyo vilivyopimwa zaidi. Primrozi hii ni ua la manjano linalochanua jioni, na mbegu zake hukamuliwa mafuta yenye asidi ya gama-linoleniki. Hoja ilikuwa ya kuvutia: wenye pumu ya ngozi walionekana kuwa na upungufu wa mafuta ya aina hiyo mwilini, basi wakiongezewa watapona. Uingereza iliyakubali mafuta haya kama dawa ya kuandikiwa na daktari. Majaribio yaliyofuata hayakuonyesha faida ya kuaminika, na mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikaifuta leseni.

Mwaka 2013 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulikusanya majaribio 27 ya mafuta ya primrozi na ya ndugu yake, boraji, yenye washiriki 1,596. Waliomeza mafuta walipata nafuu. Waliomeza plasebo nao walipata nafuu ileile. Hapo ndipo ule mfano wa maji kupwa unapoonekana wazi: nafuu ilikuwepo, ila haikutoka kwenye kidonge.

Huenda ukauliza, mbona bado vinauzwa? Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1994, mtengenezaji wa virutubisho halazimiki kuithibitishia serikali kwamba bidhaa yake inafanya kazi kabla ya kuiweka dukani. Chupa nzuri yenye kifuniko cha dhahabu haimaanishi kuna mtu aliyeipima.

Unga wa Kichina

Kisa cha dawa za Kichina kina mafunzo mengi zaidi, kwa sababu kilianza na matumaini ya kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa ngozi wa London waliona wagonjwa wao sugu wakipata nafuu ya kushangaza baada ya kunywa mchemsho wa mitishamba kutoka mtaa wa Wachina. Hawakudharau. Walitengeneza mchanganyiko maalumu wa mimea 10, ukaitwa Zemaphyte, wakaupima kwa plasebo. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1992, kwa watoto na kwa watu wazima, yalionyesha kwamba dawa iliishinda plasebo.

Shangwe haikudumu. Dawa ilikuwa chungu mno, watoto wengi wakaikataa. Watafiti wa Hong Kong walipoupima mchanganyiko uleule, matokeo yaliyotangazwa mwaka 1999 hayakuonyesha faida. Mtengenezaji akaacha kuitoa. Hong Kong baadaye ilipima vidonge vya mimea mitano kwa watoto 85. Ukali wa ugonjwa haukutofautiana kwa kiwango cha kuaminika, ingawa waliopewa dawa walihitaji steroidi ya kupaka kwa kiasi kidogo kuliko wenzao. Cochrane ilipokusanya majaribio 28 ya dawa za Kichina mwaka 2013, yenye watu 2,306, haikuweza kutoa hukumu ya upande wowote, kwa kuwa mengi yalifanywa ovyo.

Kama mambo yangeishia hapo, ningesema jaribu ukipenda. Lakini kuna ini na figo. Wapo wagonjwa wa ukurutu walioumia ini baada ya kunywa michemsho ya aina hii. Na mwaka 1999 jarida la Lancet lilieleza habari za watu wawili nchini Uingereza waliokunywa dawa za Kichina kwa ajili ya ukurutu, figo zao zikafa. Ndani yake kulikuwa na asidi ya aristolokiki, sumu inayotoka kwenye mmea wenyewe. Hakuna kiwanda kilichoichanganya. Yeyote anayekwambia “haina madhara, ni majani tu,” mkumbushe kwamba tumbaku nayo ni majani.

Habasoda, mwarobaini na aloevera

Habasoda ina heshima yake majumbani mwetu, na kwa Waislamu ina hadithi ya Mtume inayoisifu. Sisemi neno dhidi ya heshima hiyo. Nasema yaliyopimwa. Mwaka 2002 watafiti wa Ujerumani walipaka wagonjwa wa pumu ya ngozi marhamu ya habasoda, na haikuishinda marhamu tupu. Mwaka 2013 watafiti wa Iran waliipima kwa watu 60 wenye ukurutu wa mikono, na humo ikafanya vizuri, ikikaribia betamethasoni, steroidi ya kupaka. Matokeo mawili yanayopingana, magonjwa mawili ya jamii moja lakini si yaleyale, na watu wachache. Hukumu yangu: haijathibitishwa, haijafutwa. Na kuna watu ambao ngozi zao huikataa vibaya, zikavimba na kutoa malengelenge.

Mwarobaini huua vijidudu kwenye vioo vya maabara, nao ushahidi wa kwamba unatibu pumu ya ngozi kwa binadamu ni hafifu sana. Kuogea maji ya majani yake kwa mtu mzima mwenye ngozi isiyochanika si hatari kubwa. Lakini mafuta ya mwarobaini usimnyweshe mtoto hata kijiko kimoja. Kuna watoto waliopata degedege na kuzimia baada ya kunyweshwa, wengine wakafariki.

Aloevera hupoza kwa muda, na kwenye ngozi iliyochubuka huwasha. Utomvu wake wa manjano ni dawa ya kuharisha, kwa hiyo mama mjamzito asiunywe.

Mafuta ya nazi na ya zeituni

Nilipoichukua ile chupa ya soda, jirani yangu alicheka. “Hayo ni ya bibi yake Tanga, anakuna nazi mwenyewe na kuchemsha tui. Nampaka tu ili bibi asinune.”

Kumbe bibi alikuwa mbele yetu sote. Mwaka 2014 watafiti wa Ufilipino, nchi ya minazi kama pwani yetu, waligawa kwa kura watoto 117 wenye pumu ya ngozi isiyo kali sana. Nusu walipakwa mafuta ya nazi safi, nusu mafuta ya madini, ambayo ni jamii moja na mafuta ya mgando. Baada ya wiki 8, ukali wa ugonjwa ulishuka kwa takriban 68% kwa wa nazi na 38% kwa wengine. Utafiti wa kabla yake, wa mwaka 2008, uliwapima watu wazima 52 na kuona mafuta ya nazi yakipunguza bakteria aina ya stafilokokasi kwenye ngozi kuliko ya zeituni. Ni majaribio madogo, na hayasemi kwamba nazi inaponya ugonjwa. Yanasema kwamba, ya kupaka, ni mafuta mazuri ya kuziba paa. Yawe masafi, yasitiwe manukato, na yakianza kuchacha yamwage.

Mafuta ya zeituni, ambayo tunayaamini zaidi kwa kuwa ni ghali na yametoka mbali, hayakufanya vizuri. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield wa mwaka 2013 uliona kwamba yakipakwa kila siku kwa wiki kadhaa yanadhoofisha utando wa juu wa ngozi. Yatie kwenye saladi.

Lile kopo

Sasa turudi kwenye kopo jeupe. Mwaka 1999 madaktari wa ngozi wa London walikusanya kutoka kwa wagonjwa wao krimu 11 zilizouzwa kama mitishamba ya Kichina, wakazipeleka maabara. Krimu 8 kati ya 11 zilikuwa na deksamethasoni, steroidi kali ya viwandani, kwa kiwango kisichofaa kupakwa usoni wala kwa watoto. Miaka minne baadaye uchunguzi wa krimu walizokuja nazo watoto hospitalini huko Birmingham ulikuta hadithi ileile: sehemu kubwa ya krimu zilizoitwa za asili zilikuwa na steroidi, nyingine ikiwa klobetasoli, iliyo miongoni mwa kali kuliko zote.

Klobetasoli si ngeni kwetu. Ni ileile inayotiwa kwenye mkorogo wa kujichubua. Kopo la mitishamba likituliza kwa siku tatu ugonjwa ulioshinda dawa zote kwa miaka mitatu, nafasi kubwa ni kwamba ndani yake kuna steroidi ambayo hakuna aliyekuambia. Mimea haina mwendo huo. Ikiponya, huponya kwa kusuasua.

Steroidi yenyewe si shetani, kama utakavyoona hapa chini. Hatari ni kuipaka bila kujua ni ipi, kali kiasi gani, kwa muda gani. Mtoto anayepakwa klobetasoli mwili mzima kwa miezi hupata ngozi nyembamba kama karatasi, michirizi isiyofutika, uso wa mviringo, na kimo kinachokwama. Ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu huweza kuleta presha ya macho au mtoto wa jicho. Mwili nao huacha kutengeneza steroidi yake ya asili, hivyo ukikatisha ghafla mtoto anaweza kuzidiwa vibaya. Kwa hiyo mzazi aliyetumia kopo kama hilo kwa muda mrefu asilitupe usiku huohuo akanyamaza. Aende nalo hospitali, mtoto apimwe na ashushiwe dozi polepole.

Kinachofanya kazi

Jirani yangu aliniuliza, “Basi nimpe nini?” Jibu halina uchawi, na sehemu kubwa yake ni rahisi kuliko chupa moja ya primrozi.

Mwogeshe mara moja kwa siku, dakika 5 hadi 10, maji ya uvuguvugu. Tumia sabuni isiyo na manukato, sehemu zenye jasho na uchafu tu. Sabuni ya kufulia, sabuni za dawa na dawa za kuua vijidudu ndani ya maji ya kuoga huzidi kukausha. Mfute kwa kugusagusa, usisugue.

Kabla ngozi haijakauka kabisa, mpake mafuta ya mgando yasiyo na manukato, au yale ya nazi, mpaka ang'ae. Rudia angalau mara moja tena kwa siku. Makosa ya wengi ni ubahili: mtoto mwenye pumu ya ngozi iliyoenea anaweza kumaliza gramu 250 hadi 500 kwa wiki. Kakopo kadogo kakidumu miezi miwili, ujue hupaki.

Sehemu zilizowaka zinahitaji steroidi ya kupaka, ile iliyoandikwa jina, iliyochaguliwa na daktari au tabibu kwa umri na mahali. Haidrokotisoni kwa uso wa mtoto. Kali zaidi kwa mikono na miguu, kwa muda mfupi. Kipimo ni ncha ya kidole: kamua krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi mkunjo wa kwanza. Kiasi hicho, nusu gramu, kinatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Paka hadi ngozi iwe laini na muwasho uishe, kisha pumzika na uendelee na mafuta. Wapo wanaoiogopa steroidi hadi wakapaka kama wanaonja chumvi. Hao huishia kuitumia kwa muda mrefu zaidi.

Jihadhari na krimu za mchanganyiko wa steroidi, antibiotiki na dawa ya fangasi zinazouzwa madukani bila swali. Zinaficha ugonjwa badala ya kuutambua. Na usimwachishe mtoto mayai, samaki, maziwa na maharage yote kwa kubahatisha. Wengi hawapati nafuu yoyote, ila hukonda.

Kwa wale ambao haya hayatoshi, zipo dawa za daktari wa ngozi. Moshi kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichoanzishwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC, kilichofundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika. Hospitali nyingi za rufaa nazo zina kliniki ya ngozi. Omba rufaa mapema.

Ukiamua kujaribu mtishamba

Sitakukataza. Ngozi ni yako, na majaribio mengi niliyoyataja yalifanywa Ulaya na Asia. Mimea yetu mingi haijapimwa na mtu. Ila jaribu kama mtu anayetaka kujua ukweli.

Usimnyweshe mtoto, wala usinywe ukiwa mjamzito au unanyonyesha. Ukiwa kwenye dawa za kila siku, za sukari, kifua kikuu au ARV, mwambie mfamasia kwanza. Baadhi ya chupa za kutoka nje huwa na mmea uitwao St John's wort, unaopunguza nguvu ya ARV na ya vidonge vya uzazi wa mpango.

Kwa ya kupaka, anza na eneo dogo upande wa ndani wa mkono, mara mbili kwa siku, siku 7. Ikiwasha, acha. Ikikubali, fanya jaribio la mikono miwili: mkono wa kulia paka mtishamba pamoja na mafuta ya kawaida, wa kushoto mafuta ya kawaida peke yake, wiki 4. Piga picha kila Ijumaa, mwanga uleule. Mwisho mpe picha mtu asiyejua ni mkono upi, akuambie upi umependeza. Mikono yote miwili itapwa na kujaa pamoja; tofauti ikionekana, ni ya dawa. Watafiti wenyewe hutumia njia hii. Usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja, na usiache dawa ya daktari ili “kuipisha” ya mtishamba.

Muuzaji mwulize maswali matatu: ndani mna nini, nani katengeneza, na imesajiliwa wapi. Tanzania ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya mwaka 2002. Namba ya usajili haithibitishi kwamba dawa inaponya, ila kuna mtu wa kumuuliza ikidhuru. Asiyeweza kujibu swali la kwanza, mshukuru uondoke.

Usisubiri kesho

Kimbilia hospitali siku hiyohiyo ukiona malengelenge madogo yenye maumivu, yanayofanana yenyewe kwa yenyewe na yanayoacha vidonda kama vilivyotobolewa, hasa mtoto akiwa na homa. Hiyo inaweza kuwa hepesi iliyoenea. Nenda pia ukiona usaha, maganda ya rangi ya asali au ngozi ya moto inayosambaa. Na yeyote aliyemeza mtishamba wowote akiona macho ya manjano, mkojo wa rangi ya kola au mkojo uliopungua, aache na aende na mtishamba huo hospitali.

Yule mtoto nilimwona juzi akicheza mpira wa matambara uwanjani. Miguu imebaki na mabaka meusi, anajikuna mara mojamoja, na mama yake anasema kila baada ya miezi kadhaa maji hujaa tena. Hajapona. Ametulia, analala usiku, na anapakwa mafuta ya bibi yake.

Basi kesho kusanya na wewe mfuko wako wote, na kopo lisilo na jina likiwa juu, uupeleke kwa tabibu au mfamasia. Usifiche hata kimoja kwa aibu. Akikucheka, tafuta mwingine.